Vidole Viwili vya Mama Mpimaji

Mama mpimaji hakuwahi kuingia kwenye kiwanja cha mtu mikono mitupu. Alikuja na ubao wake mgongoni, ameufunga kwa kitenge jinsi mama anavyombeba mtoto, ncha yake ikitokeza nyuma ya kichwa. Ulikuwa ubao wa kupimia urefu wa watoto wadogo, wenye mistari ya sentimita pembeni na kipande cha mbao kinachotelezeshwa hadi kiguse utosi. Vijana wa pikipiki waliokuwa wakisubiri abiria pale njia panda walimtania kila asubuhi. "Mama, mutoto yako iko na jina gani?" Naye alijibu bila kugeuka: "Huyu hana jina. Haliake, hanyonyake, hakojoake. Nyinyi njo munanichokeshaka."

Naandika habari zake kwa sababu ya sentimita nne. Ni sentimita nne za binti yangu Asifiwe, ambazo mama huyo alizitia kwa kalamu kwenye fishi yake, ile kadi ya kliniki, na ambazo mtoto hakuwahi kuwa nazo mwilini. Nilimwamini mwanamke yule kuliko nilivyomwamini mama mkwe wangu, kuliko redio, kuliko macho yangu. Nikikumbuka, moyo bado unaniuma, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba sikuweza kumchukia.

Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, sitaeleza. Miaka ile bunduki zilikuwa zimenyamaza hapa Bunia, lakini kila nyumba ilikuwa na mfuko uliofungwa tayari nyuma ya mlango, na kumuuliza mtu ukoo wake ilikuwa ni kumuuliza yuko upande gani. Yeye alipima watoto wa pande zote. Alipima wa kwetu tuliokuwa na nyumba za miaka mingi, akapima wa wale waliokimbia Djugu na kujibanza kwenye vibanda vya turubai nyuma ya kanisa. Mama mmoja alipomuuliza kwa nini anaanza na watoto wa turubai, alimtazama hadi mama yule akaona haya. "Ku hii mbao, mutoto iko na kichwa na kisigino," alisema. "Kabila siioni fasi nitaiandika."

Mimi ni fundi wa cherehani. Meza yangu iko barabarani, karibu na kituo cha afya, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Kwa hiyo nilimwona kila siku, tukazoeana. Akipita aliweka ubao wake kwenye kivuli cha kibanda changu, akanywa chai yenye sukari vijiko vinne, kisha akaenda kuwakataza akina mama wasiwape watoto chai. Nilimcheka. "Chai inakunywaka damu ya mutoto," alisema. "Yangu ilishaisha, ikunywe yenye kubakia."

Kulikuwa na jambo alilolifanya ambalo lilinifanya nimpende siku ya kwanza. Asubuhi Bunia ni baridi, na ubao ukilala nje huwa na umande. Kabla ya kumlaza mtoto juu yake, mama mpimaji aliufuta kwa kitenge, kisha akaupapasa kwa viganja viwili, juu hadi chini, mpaka upate joto. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua. "Mbao ya baridi, mutoto anajikunja. Mutoto wa kujikunja, unamuandika mufupi bure. Ni zambi." Nilifikiri, huyu ni mtu wa haki. Mtu anayeona ni dhambi kumpunguzia mtoto nusu sentimita, utamtilia shaka gani?

Akishamlaza mtoto, alipaza sauti. "Kisigino! Kisigino kwa mbao!" Mama wa mtoto alishika magoti, yeye akatelezesha kile kipande cha mbao hadi utosini, akainama na kutaja namba kwa Kifaransa, kwa sauti ya mtu anayesoma Maandiko. "Septante et un virgule deux!" Sabini na moja nukta mbili. Wengi wetu hatukujua virgule ni kitu gani, lakini tuliipenda. Namba iliyotajwa vile haikuwa na ubishi.

Jumatano aliwakusanya akina mama kwenye baraza la kituo, akafundisha. Hakuwa na picha wala karatasi. Alikunja vidole, kila kidole sababu moja.

"Mutoto hafupikake siku moja," alianza. "Anafupika polepole, na mama yake iko anamuangalia. Anaanzia mu tumbo. Mama anakula bugali na majani ya sombe, bugali na sombe, samaki hapana, maharagi hapana, analima mpaka siku ya kuzaa. Kidole ya kwanza. Anazaliwa, tunamupa maji ya mutoni. Anahara. Kila kuhara inakata kipande ya urefu, na haikirudishake. Kidole ya mbili. Kuku anakunya mu nyumba, mutoto anatambaa pale, mukono ku kinywa. Kidole ya tatu. Mimba ingine inaingia mbele huyu ajue kutembea, ziwa inakauka. Munacheka nini? Kidole ya ine! Na vita. Tunakimbia mu pori mwezi nzima, mutoto anakula muhogo tu. Iyo sina kidole yake, ni mukono nzima."

Kisha alisimama kando ya ubao wake. Alikuwa mfupi sana, mfupi kuliko wasichana wa darasa la sita ninaowashonea sare. "Muniangalie. Tangu tumboni mpaka myaka mbili, ukishakosa, umeshakosa. Utanenepa, utazaa, utaimba mu korali, lakini ile urefu hautaipata tena. Mupatie mutoto yai moja kila siku. Mama mukwe akisema mutoto wa kula mayai atakuwa mwizi, mumuambie aje anione miye. Sikukulaka hata yai moja, na bado niliiba bwana ya mwenzangu."

Baraza zima lilicheka hadi muuguzi akatoka ndani. Hadithi ya bwana huyo ilikuwa uongo, sote tulijua. Na kwake nyumbani kuku walilala chini ya kitanda. Nilipomwonyesha, alisema watoto wake wameshakuwa wakubwa, kwa hiyo kuku wana ruhusa.

Hakuwa mwoga. Wakati mmoja, njia ya Bogoro, askari wa kizuizi walimshusha kwenye pikipiki wakamwamuru afungue kitenge, kwa kuwa walidhani amebeba silaha. Alifungua polepole. Kisha akausimamisha ubao mbele ya askari mwenye bunduki, akamtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Mama yako alikulisha nini, papa? Weye unapita mbao yangu mara mbili!" Wenzake wakaangua kicheko, yule askari akaona fahari, wakampitisha bila kumwomba kitu.

Lakini kwa mama mwongo hakuwa na huruma. Nilikuwepo siku ile mwanamke mmoja alipoazima mtoto mwembamba wa jirani, akaja naye kliniki akidai ni wake, ili apate unga. Mama mpimaji alimtambua mtoto kwa kovu la sikio. Alimtoa mwanamke yule kwenye mstari mbele yetu sote, akapiga ubao kwa kiganja. "Mbao haidanganyake! Weye njo unadanganya!" Mwanamke alilia. Mimi nilikuwa upande wa ubao.

Sasa nieleze habari ya unga. Shirika moja lilikuja na mradi wake, wenye fulana na gari nyeupe. Walimpa mama mpimaji karatasi yenye safu mbili: huku urefu, huku uzito unaotakiwa kwa urefu huo. Mtoto ambaye uzito wake haukufikia urefu wake aliitwa mwembamba, na mwembamba alipewa unga wa uji na mafuta kila wiki mbili. Mtoto mfupi ambaye uzito wake ulilingana na ufupi wake hakupewa chochote. Aliandikwa kwenye rejista, akarudi nyumbani. Na watoto wengi wa mtaa wetu, hasa wale wa turubai, walikuwa hivyo, wafupi na kauzito kao kadogo kanakolingana nao, wana njaa kabisa lakini karatasi inasema wako sawa.

Asifiwe alikuwa na mwaka na miezi mitatu nilipompeleka, nikiwa na mimba ya mdogo wake. Alikuwa ameharisha mara tatu tangu mvua zianze. Mama mpimaji alipapasa ubao, akamlaza, akapaza sauti ya visigino. Akainama. Alikaa ameinama muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akataja namba. Tukapewa unga.

"Ana shida gani?" nilimuuliza.

"Hana shida. Iko mwembamba tu. Urefu iko nayo."

Maneno hayo nilienda nayo nyumbani kama zawadi. Urefu iko nayo. Kila nilipompeleka aliniambia vilevile, na nilikuwa nimemsikiliza Jumatano zote, nikajua kwamba wembamba hupita, ufupi haupiti. Kwa hiyo nilishukuru Mungu, nikalegea. Nilikuwa na kuku watatu wanaotaga. Mayai yale nilikuwa nikimpikia Asifiwe moja kila siku. Nikaanza kuyauza, ninunue uzi na zipu, kwa sababu mtoto alikuwa na unga, na urefu alikuwa nao. Maji nikaacha kuyachemsha siku ambazo makaa yalikuwa machache. Sikuwa mzembe. Niliambiwa hatari haipo, nikaacha kuiogopa.

Nilimshonea mama mpimaji blauzi ya kitenge cha kijani, mikono yenye marinda, bure, kwa shukrani. Aliivaa Jumapili kwenye korali, akanikonyeza kutoka mbele.

Noeli ile nilimshonea Asifiwe gauni jeupe. Kama afanyavyo kila fundi mwenye mtoto anayekua, nilikunja upindo wa vidole vinne chini, ili niwe nikiufumua jinsi anavyorefuka. Pasaka nikautazama. Haukuhitaji kufumuliwa. Nikajiambia kitambaa hiki kinalegea, kinashuka chenyewe. Mimi! Mwenye tepu shingoni kuanzia asubuhi hadi jioni, ninayepima watoto wa watu mabega na viuno, sikuwahi kumpima wangu. Kwa nini nimpime? Alikuwa amepimwa na mtu anayejua.

Kisha ukaja mkutano. Bwana mkubwa wa shirika alitoka Kinshasa na karatasi yenye mstari unaopanda, akatusomea uwanjani pa kituo. Alisema watoto wa mtaa wetu ni wembamba, ndiyo, lakini kwa urefu wanakua vizuri kuliko mitaa yote waliyoipima. Kwa hiyo mradi mwingine, ule wa bomba la maji, vyoo, na maharagwe na mafuta kwa wenye mimba, ambao ni wa kuzuia ufupi, hauhitajiki hapa. Utapelekwa kwingine. Akatupongeza akina mama. Tukapiga makofi. Nilipiga makofi kwa nguvu, na mimba yangu ya miezi minane mbele yangu. Mama mpimaji alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi, ubao magotini. Nilimwona hapigi makofi, nikadhani amechoka.

Miezi michache baadaye alipumzishwa kazi kwa umri, akahamia kwa binti yake upande wa Kilo. Alikuja muuguzi kijana, mpole, mwenye ubao mpya wa plastiki. Asifiwe alikuwa na miaka miwili na nusu. Kijana alimpima, akatazama fishi, akampima tena. Akambadilisha namna ya kusimama, akampima mara ya tatu.

"Mama, mara ya mwisho mulimupima lini?"

"Myezi mbili."

"Hapa imeandikwa quatre-vingt-cinq. Miye napata quatre-vingt-un." Aliona haya kunitazama. "Mama, mutoto hapungukake urefu."

Nilimwambia ubao wake wa plastiki ni mbovu. Nilisema kwa sauti, watu wasikie. Akamwita mtoto aliyefuata. Naye alikuwa amepungua. Na wa tatu. Mwezi ule watoto wote wa mtaa wetu walipungua, na akina mama tukabaki tumesimama pale kwenye baraza, kila mmoja ameshika fishi yake, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema.

Nilirudi nyumbani nikampima Asifiwe kwa tepu yangu, ukutani. Themanini na moja, si themanini na tano ya kwenye fishi. Nikachukua gauni la Noeli, nikaona upindo wa vidole vinne, haujaguswa. Nilikaa chini nikalia kwa hasira, si kwa huzuni. Kijana alikuwa ameniambia kwa upole kwamba kilichokosekana kabla ya miaka miwili hakirudi chote. Hakujua kwamba maneno hayo niliyajua kwa moyo, na aliyenifundisha ni nani.

Miaka sita ilipita. Sikumtafuta. Nilisikia mara mbili kwamba amekuja Bunia kwa mazishi, nikajifanya sijui. Mara nyingi, nikiwa nakanyaga cherehani, nilimtungia maneno ya kumwambia, maneno makali, mazuri.

Akaja mwenyewe, mchana mmoja wa Julai, bila ubao. Mgongo wake ulikuwa umepinda kidogo mbele, kana kwamba bado umebeba. Alikuwa amevaa ile blauzi ya kijani, imepauka, inamning'inia.

"Mama fundi," alisema. "Nimekonda. Unipunguzie."

Nilichukua tepu. Sikumkaribisha kiti. Alisimama akaegemea nguzo ya kibanda, akabana visigino kwenye mti, mwenyewe, bila kuambiwa. Nilipoona visigino vile, maneno yangu yote mazuri yalinitoroka.

"Ulimuongezea Asifiwe ngapi?" nilimuuliza.

Hakujifanya hajui. Aliinua mkono akanionyesha vidole viwili, vimebanana, vimelala. "Vile niliongezea bote. Vidole mbili. Nilibiweka chini ya ile mbao ya kichwa."

"Kwa nini?"

"Juu ya unga. Kwa ufupi hapakuwa unga, mama. Kwa wembamba ilikuwako. Ningeandika mufupi, bangeandika mufupi, bangefunga kitabu, mutoto angeenda kulala na njaa. Nikimurefusha kidogo, kilo yake inakuwa kidogo, anapata. Batoto ya turubai bangekufa. Uniambie, bangapi balikufa?"

Kweli, hawakufa. Nilijua alikuwa akisema kweli, na hilo lilinikasirisha zaidi.

"Wangu hakuwa wa turubai," nilisema. "Wangu alikuwa na mayai. Niliyauza mayai, mama. Uliniambia urefu iko nayo, nikayauza mayai. Niliacha kuchemsha maji. Ungeniambia kwa sikio tu. Unga ungenipa, karatasi ungeidanganya, shirika na watu wa Kinshasa ungewadanganya wote. Lakini mimi? Kila Jumatano ulinifundisha niogope, halafu ukaniambia nisiogope."

Pikipiki ilipita, ikatuachia vumbi.

"Ningeambia mama mumoja, kesho bangejua bote," alisema mwishowe. "Na unga ingekatika."

"Na bomba la maji?"

Hapo alifumba macho. "Bomba sikuiwaza," alisema. "Niliwaza unga. Ile siku ya mukutano njo nilielewa. Nilipenda kusimama niseme. Miguu ilikataa."

Ilikuwa kweli, naamini. Na haikunisaidia kitu. Kwa miaka sita nilikuwa nimengoja aniombe msamaha au anidanganye, ili nijue la kufanya naye. Hakufanya hata moja. Nilipima kifua chake, mabega yake, nikaandika yaliyokuwepo.

Ndipo Asifiwe alipofika kutoka sokoni na mdogo wake, ndoo kichwani. Mdogo huyo, niliyemzaa baada ya mkutano na kumlisha yai kila siku bila kumsikiliza mtu, anampita dada yake kwa kipaji kizima cha uso. Wageni humwita yeye mkubwa. Asifiwe alishusha ndoo, akamsalimia mama mgeni kwa mikono miwili, akimwita koko, yaani bibi.

Mama mpimaji alimtambua. Uso wake ulifunguka, na kwa mdomo uleule, kwa sauti ileile tamu, akasema, "Eh! Asifiwe! Umekuwa murefu!"

Mtoto alimtazama kwa adabu. Hakuwa na kinyongo chochote. Alikuwa anamsahihisha tu mtu mzima aliyekosea.

"Hapana, koko," alisema. "Miye njo mufupi. Mu klase yote njo miye wa mwisho."

Mama mpimaji alisogea. Alifuta viganja vyake kwenye kitenge, akavisuguanisha mpaka vikapata joto, akaweka kimoja juu ya utosi wa binti yangu, kimelala, kama kile kipande cha mbao. Asifiwe alitulia chini yake. Mama akainama kidogo, kama zamani, macho usawa wa kiganja.

Nilisimama na tepu mkononi, nikingoja ataje namba. Hakutaja.